Je, Mbwa Hujua Kusoma Uso wa Binadamu?

Mpenzi msomaji, swali ninalotaka tulitafakari pamoja katika ukurasa huu huenda likakuchekesha. Je, mbwa hujua kusoma uso wa binadamu? Mtu akinuna, mbwa hujua kuwa amenuna? Akitabasamu, mbwa hulielewa tabasamu hilo, au yeye hungoja tu kutupiwa mfupa? Nilipowaambia wenzangu wa Kidato cha Tatu kwamba hiyo ndiyo mada yangu ya mwaka huu, mmoja alishika tumbo akacheka. "Ati mbwa anasoma? Mimi mwenyewe Hesabu zimenishinda, sembuse mbwa!" Mwingine akasema kwamba mada kama hiyo ni ya watu wa ng'ambo ambao mbwa wao hulala kitandani. Kwetu sisi mbwa ni wa kubweka usiku na kula makombo, basi.

Mimi sikucheka. Swali hili lilibisha hodi nyumbani kwetu, na nusura lichukue uhai wa kiumbe kisicho na hatia. Kwa hivyo naomba unisikilize hadi mwisho, kisha utoe hukumu yako mwenyewe.

Sisi tunaishi nje kidogo ya mji wa Nakuru. Baba yangu huchonga mawe ya kujengea katika machimbo yaliyo karibu nasi. Kazi hiyo haina mshahara wa mwezi. Lori likija kununua mawe, baba hulipwa. Lisipokuja, hurudi nyumbani na vumbi lake tu. Mbwa wetu anaitwa Popi. Rangi yake ni ya majani makavu, sikio moja limesimama na la pili limelala, na hana ukoo wowote wa kujivunia. Mama alimwokota sokoni akiwa mdogo kiasi cha kuenea ndani ya kikapu, juu ya viazi.

Kila jioni Popi hukaa langoni akimngoja baba. Siku ambayo lori limekuja, Popi humkimbilia baba na kumzunguka miguuni hadi karibu amwangushe. Siku ambayo lori halikuja, Popi humtazama mara moja tu, akashusha mkia, akaenda zake kulala chini ya ghala la mahindi. Wakati huo baba hajasema neno. Hajampiga teke wala kumfukuza. Sisi watoto tulilijua jambo hilo mapema. Kabla ya kumwomba baba pesa za daftari au za mtihani, tulichungulia kwanza chini ya ghala. Popi akiwa huko, tuliahirisha ombi letu hadi kesho yake. Mama naye alikuwa akitunong'onezea, "Hebu mtazameni Popi kwanza." Naam, Popi alimsoma baba, nasi tukamsoma Popi.

Lakini je, ni uso wa baba alioutazama? Mtu aliyevunjika moyo huburuta miguu. Pumzi yake ni nzito. Hata namna anavyofungua lango ni tofauti. Nilimpelekea swali hili mwalimu wetu wa Bayolojia, nikitarajia atanifukuza kwa kumpotezea wakati. La hasha! Alivuta kiti akanihadithia kisa cha farasi.

Farasi huyo aliishi Berlin, Ujerumani, na aliitwa Hans. Mwenyewe, Wilhelm von Osten, aliamini kwamba amemfundisha hesabu. Ukimwuliza Hans tatu jumlisha nne, aligonga ardhi kwa kwato mara saba akaacha. Watu walimiminika kumtazama. Mwaka 1907 mtaalamu mmoja, Oskar Pfungst, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake. Aligundua kwamba mwulizaji asipojua jibu, Hans naye hajui. Tena Hans akizuiwa asimwone mwulizaji, hesabu zote humtoka. Kumbe farasi alikuwa akimtazama mtu! Kwato zikifikia idadi sahihi, mwulizaji alitikisa kichwa kidogo sana bila kujijua, na hapo Hans akaacha kugonga.

"Umeona?" mwalimu akaniambia. "Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza, mnyama anaweza kuona juu yako mambo ambayo wewe mwenyewe hujui unayaonyesha. La pili, anayempima mnyama anaweza kumpa jibu bila kukusudia. Sasa nenda ukampime mbwa wako, lakini jihadhari."

Basi nikafanya jaribio langu. Kwa siku kumi, nilipotoka shuleni nilisimama mlangoni, mikono nyuma, kimya, bila chakula chochote. Ndugu yangu mdogo alirusha sarafu. Ikianguka kwa upande wa picha, nilitabasamu. Ikianguka kwa upande wa nambari, nilinuna. Tabasamu lilitokea siku sita, na katika siku hizo Popi alinijia mara tano. Kununa kulitokea siku nne, naye alinijia mara moja tu. Nilifurahi ghaya ya kufurahi. Mwalimu alipoyaona matokeo yangu alinipongeza, kisha akaniuliza, "Ukinuna, mabega yako huwa wapi?" Nikanuna mbele yake. Mabega yakashuka. Tukacheka sote. Ndipo akanitolea karatasi kadhaa za watafiti ambao wana njia za kuutenga uso na mwili, akaniambia nizisome polepole, na neno nisilolijua nimwulize.

Utafiti wa kwanza ulichapishwa mwaka 2015 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tiba ya Mifugo cha Vienna, nchini Austria. Wao hawakumleta mtu mbele ya mbwa. Walitumia picha kwenye kioo, picha mbili za mtu yule yule, moja ana furaha na nyingine ana hasira. Tena wakati wa mafunzo hawakuonyesha uso mzima. Mbwa wengine walionyeshwa sehemu ya macho tu, na wengine sehemu ya mdomo tu. Baadhi walituzwa wakigusa uso wa furaha kwa pua, na baadhi wakigusa uso wa hasira. Walipokwisha kujifunza, waliletewa nyuso za watu wengine ambao hawajawahi kuwaona, na pia sehemu ya uso ambayo hawakuifunzwa. Aliyefunzwa kwa midomo akaletewa macho, na aliyefunzwa kwa macho akaletewa midomo. Mbwa hao walichagua sawasawa kuliko ambavyo mtu angetarajia kwa bahati nasibu.

Hebu fikiria jambo hilo, msomaji. Mbwa aliyefunzwa mdomo unaocheka atajuaje macho yanayocheka, kama hajawahi kujua kwamba viwili hivyo huenda pamoja? Ni lazima alikuwa ameyaona hayo nyumbani kwao, siku baada ya siku, kwenye nyuso za watu anaoishi nao. Kuna jambo jingine lililonigusa zaidi. Mbwa waliotakiwa kugusa uso wa hasira walichelewa kujifunza kuliko wenzao. Watafiti walifikiri kwamba huenda mbwa hao hawakupenda kuukaribia uso wa hasira, hata wa picha, hata penye zawadi. Niliposoma hapo nilimkumbuka Popi chini ya ghala.

Utafiti wa pili ni wa mwaka 2016, wa wataalamu wa Lincoln huko Uingereza na wa São Paulo huko Brazili. Walichukua mbwa 17, wakawaonyesha nyuso mbili kwa pamoja, moja ya furaha na moja ya hasira, huku sauti ikisikika. Sauti ya mtu ilikuwa ya Kireno, lugha ambayo mbwa hao hawakuizoea. Sauti ikiwa ya furaha, mbwa walikawia zaidi kuutazama uso wa furaha. Ikiwa ya hasira, waliutazama zaidi uso wa hasira. Yaani waliunganisha walichokisikia na walichokiona, bila mtu yeyote kuwafunza.

Hata hivyo, mizani ina pande mbili, na mimi sitaki kuficha upande mmoja. Mwaka 2020 wataalamu wa Budapest, Hungaria, walichapisha uchunguzi wa mbwa 20 na watu 30 waliolala ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Walionyeshwa video fupi za nyuso na za visogo. Ubongo wa binadamu una sehemu zinazoamka zaidi kwa uso kuliko kwa kisogo. Katika ubongo wa mbwa hawakuiona sehemu kama hiyo. Ubongo wa mbwa ulijali zaidi kama anayeonekana ni mbwa mwenzake au ni binadamu. Tena mwaka 2018 wataalamu wa Naples, Italia, pamoja na wenzao walionyesha kwamba mbwa wakinusa jasho la mtu aliyeogopa, wao wenyewe huonyesha dalili za wasiwasi kuliko wakinusa jasho la mtu aliyefurahi. Kwa hivyo mbwa hategemei uso peke yake kama sisi. Uso ni ukurasa mmoja tu. Kurasa nyingine ni sauti, mwendo, mabega na jasho, na yeye huzisoma zote kwa mpigo. Baba anapofungua lango, huenda harufu yake ilishamfikia Popi kabla ya uso.

Kwa maoni yangu basi, jibu la swali letu ni ndiyo. Mbwa huweza kutofautisha uso wa furaha na wa hasira. Lakini tafadhali, usiende kumjaribu mbwa usiyemjua huko njiani. Mbwa mwenye kichaa hasomi uso wa mtu yeyote. Akikuuma, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha uende hospitalini siku hiyo hiyo.

Sasa nifikie kile kisa cha uhai nilichokutajia. Baada ya kuuliza kama mbwa anatusoma, nilijikuta naulizwa swali la kinyume. Je, sisi tunajua kumsoma mbwa?

Wakati wa likizo ya Aprili, mayai yalianza kupotea katika kibanda cha kuku wetu. Leo mawili, kesho matatu. Mayai hayo ndiyo hununua mafuta ya taa na sabuni nyumbani, kwa hivyo halikuwa jambo la mzaha. Mjomba alikuwa amekuja kututembelea. Asubuhi moja alimwita Popi, akamwonyesha kiota kitupu, akamkaripia, "Mayai yako wapi?" Popi akalaza masikio yote mawili, hata lile la kusimama. Mkia ukaingia katikati ya miguu. Akageuza uso pembeni, macho yakitazama ukutani.

"Mwoneni!" mjomba akasema. "Anajua alichofanya. Mbwa akishaonja yai haachi. Huyo ni wa kuondolewa."

Majirani nao wakaunga mkono. Baba hakupenda, lakini mtu akipungukiwa na pesa hana nafasi ya kupenda. Akasema kwamba Jumamosi atakuja mtu wa kumwondoa Popi. Mdogo wangu alilia usiku kucha.

Miongoni mwa karatasi za mwalimu ilikuwemo moja ambayo sikuwa nimeisoma. Niliisoma usiku huo. Ni utafiti wa mwaka 2009 wa Alexandra Horowitz wa New York, Marekani. Alitumia mbwa 14 na wenyewe wao. Mwenye mbwa alimkataza mbwa kula biskuti, kisha akatoka chumbani. Aliporudi aliambiwa kama mbwa amekula au hakula, lakini mara nyingine aliambiwa uongo. Hivyo kuna mbwa waliokaripiwa ilhali hawakula kitu. Ule uso ambao watu huuita uso wa hatia ulitokea zaidi mbwa alipokaripiwa, awe amekula au hakula. Na waliouonyesha kwa wingi zaidi walikuwa wale waliokaripiwa bure! Uso ule haukueleza mbwa amefanya nini. Ulieleza kwamba mbwa ameona hasira.

Siku ya Alhamisi nilimwendea baba baada ya chakula cha jioni. "Baba, naomba ruhusa niseme neno moja juu ya Popi," nikamwambia. Akanitazama, akaniambia niseme. Nilimweleza yale niliyoyasoma. Kisha nikamwomba kitu kimoja tu. Kesho yake, kama mayai yatakuwa kamili, amkaripie Popi vilevile kama mjomba alivyofanya.

Ijumaa asubuhi kuku walitaga mayai matano na yote yalikuwepo. Mama aliyashika kwenye bakuli. Baba akamwita Popi, akakunja uso, akanguruma, "Mayai yako wapi?" Loo! Masikio yakalala, mkia ukaingia katikati ya miguu, macho yakageukia ukutani. Kilikuwa kitendo kile kile cha siku ile, hakikupungua wala kuongezeka. Mama akatazama mayai mkononi mwake, akaanza kucheka, kisha akaacha. Baba alisimama kimya kwa muda. Halafu akainama, akamkuna Popi shingoni, akaenda kutafuta nyundo na misumari.

Nyuma ya kibanda cha kuku palikuwa na ubao ulioachana na mwenzake. Baba aliuziba. Tangu siku hiyo mayai hayakupotea tena, na Popi hakufungwa hata siku moja. Mwizi alikuwa nguchiro, paka au nyoka, hatukumjua hadi leo. Lakini hakuwa Popi. Umdhaniaye ndiye, kumbe siye.

Huenda ukauliza kwa nini tunakosea kwa urahisi hivyo. Nafikiri ni kwa sababu uso wa mbwa unafanana na wetu kwa namna fulani. Mwaka 2019 watafiti walilinganisha misuli ya uso wa mbwa na ya mbwa mwitu wa kaskazini, yule mnyama ambaye mbwa ametokana naye. Waliona kwamba mbwa ana msuli mzuri wa kuinua nyusi kwa upande wa ndani, ambao kwa mbwa mwitu huyo ni haba au haupo. Mbwa akiinua nyusi hizo tunamwona kama mtoto mwenye huzuni. Basi tunamvika na mawazo yetu pia. Tunasema anajuta, anaona haya, anaficha siri. Yeye maskini anasema tu, "Umekasirika, nami naogopa."

Wenzangu, jambo hili linatuhusu hata sisi tusiofuga mbwa. Nilipokuwa darasa la saba, katika shule ambayo sitaitaja, shilingi mia mbili za mwenzetu zilipotea. Mwalimu mmoja alipita kati ya madawati akitutazama mmoja mmoja machoni. Mimi nimelelewa na nyanya yangu, na nyanya alitufundisha kwamba mtoto mwenye adabu hamkodolei mtu mzima macho. Nikainamisha uso. "Huyu hapa," mwalimu akasema. "Uso wake unajisema." Nilitumwa nyumbani kumleta mzazi, na baba akapoteza kazi ya siku mbili kwa ajili yangu. Baadaye pesa zilipatikana zimekwama ndani ya atlasi ya mwenyewe. Hakuna aliyerudi kuniambia neno. Nilijua tangu siku ile kwamba uso unaweza kuonyesha hofu iliyoletwa na yule anayekutazama, na wala si kosa lako. Ndiyo sababu nilipomwona Popi amegeuza macho ukutani, sikuweza kunyamaza.

Kwa hayo yote, ndugu msomaji, nasema hivi. Mbwa ameishi na binadamu kwa zaidi ya miaka 14,000, na katika muda huo amejifunza kututazama vizuri. Anajua lini tuna furaha na lini tuna hasira, na hutumia uso wetu kama tunavyotumia mawingu kujua mvua. Hana darasa wala cheti, lakini hamsingizii mtu. Akiona hasira husema ni hasira tu, hasemi wewe ni mwizi. Sisi tulio na shule na vitabu huona hofu tukaiita hatia. Huyo anayetazamwa akiwa mbwa, anaweza kupoteza maisha. Akiwa mtoto, anaweza kupoteza jina lake.

Nawaomba wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, na walimu wetu tunaowaheshimu, kwamba siku kitu kitakapopotea tuanze kwa kutafuta pengo kwenye ubao. Uso wa mtu, au wa mbwa, tuutazame baadaye. Na anayetaka kujua kama amekasirika kuliko anavyodhani, aende akamwulize mbwa wake.